Mnazi Mmoja: Mhadhara Kuhusu Mirija ya Kaboni Inayotema Elektroni



Wenye umri wa kunikaribia wanaikumbuka televisheni ya chogo. Ukiiwasha, sauti ilitangulia. Msomaji wa taarifa ya habari alikuwa ameshatusalimu na kuingia katika habari ya kwanza, nasi bado tunatazama kioo cheusi. Kisha kioo kikaanza kupata weupe, kikawa ukungu, na ndani ya ukungu ukatokea uso wa mtu. Kwetu, asiye na subira aliipiga kofi ubavuni. Siku moja fundi wa mtaani alikuja kuitengeneza, akafungua kifuniko cha nyuma, akaniita nitazame. Ndani ya shingo nyembamba ya kile kioo palikuwa na kitu kidogo kinachowaka rangi ya machungwa, mfano wa kaa lililosalia jikoni alfajiri. "Tunangoja hili lipate moto," akaniambia. "Likipata moto, picha inakuja."

Nilikuja kusoma fizikia miaka mingi baadaye, na sijapata maelezo mafupi yaliyo sahihi kuliko hayo. Lile kaa ni kathodi, na kazi yake ni kutoa elektroni zinazokwenda kugonga kioo kutoka ndani na kukiwasha. Hazitoki mpaka zichemshwe. Jioni hii nataka kuzungumzia namna nyingine ya kuzitoa, isiyotaka jiko, na kitu kimoja kilichoonekana kana kwamba kimezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo: mrija wa kaboni ambao unene wake hupimwa kwa nanomita, yaani kwa sehemu ya bilioni ya mita. Mrija huu ulitabiriwa kwamba ndio utakaozika televisheni za chogo. Zilizikwa kweli, lakini mzishi alikuwa mwingine, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusema hapa.

Tuanze na ushuru. Ndani ya metali kuna elektroni zisizofungwa kwenye atomu yoyote. Zinazurura, na ndiyo maana waya hupitisha umeme. Lakini kuzurura ndani ya mji si sawa na kuvuka mpaka. Elektroni inayotaka kutoka nje ya uso wa metali hutozwa nishati, na kwa tungsteni, metali ya nyuzi za taa za zamani, ushuru huo ni kama elektronivolti 4.5. Joto la chumba hiki huipa elektroni akiba ya kama sehemu moja ya arobaini ya elektronivolti. Maskini haendi popote. Ukiipasha tungsteni mpaka ipite nyuzi 2000 za Selsiasi, zile chache zilizopata mwendo kuliko wenzao huweza kulipa na kutoka, kama mvuke unavyouacha mdomo wa sufuria. Kathodi za televisheni zilipakwa oksidi ya bariamu ili ushuru upungue, ndiyo maana zilitosheka na nyuzi mia nane hivi. William Coolidge aliitumia njia hii ya moto katika neli ya eksirei mwaka 1913, na mashine nyingi za hospitali mpaka leo ni za ukoo wake. Ni njia ya kuaminika, siidharau. Ila inakula umeme kwa kuchemsha tu, waya wake huchakaa, na huwezi kuuwasha na kuuzima upesi kama unavyopepesa jicho. Ndiyo sababu tulingoja picha.

Njia ya pili ilionekana kabla haijaeleweka. Mwaka 1897, mwaka ule ule J. J. Thomson alipoitambulisha elektroni kwa ulimwengu, Mmarekani Robert Wood aliona umeme ukitoka kwenye metali baridi ndani ya ombwe, ukivutwa na volteji kubwa. Kwa miaka thelathini wataalamu walikwaruzana na jambo hili. Robert Millikan na wanafunzi wake walipolipima kwa makini katika miaka ya 1920 waliona ajabu: mkondo haukujali joto. Ipashe metali moto wa kadiri, mkondo ni ule ule. Kama elektroni zilikuwa zinaruka ukuta, moto ungezisaidia kuruka. Basi zilikuwa zinafanya nini?

Jibu lilitoka Cambridge mwaka 1928, katika andiko la Ralph Fowler na Mjerumani Lothar Nordheim. Haziruki, walisema, zinapenya. Fizikia ya kwanta ilikuwa bado mbichi, na hapa ilipata mojawapo ya ushindi wake wa mwanzo. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi halikatiki ghafla likifika ukutani. Hufifia ndani ya ukuta kidogo kidogo. Ukuta ukiwa mnene, hufifia mpaka likaisha. Ukiwa mwembamba, mkia wa wimbi hutokeza upande wa pili, na hapo elektroni ina nafasi ya kukutwa nje bila ya kulipa ushuru wote. Kazi ya volteji ni kuukondesha ukuta huo. Uga wa umeme ulio mkali huukata kwa mshazari upande wa nje, unateremka kama paa la kibanda, kiasi kwamba pale elektroni ilipo, unene wa kupenya unabaki chini ya nanomita 2.

Katika hesabu ya Fowler na Nordheim kuna jambo moja ambalo nitawaomba mlishike, hata mengine yakiwaponyoka. Mkondo hauongezeki sambamba na uga. Katika hali ninayoieleza, ukiongeza uga kwa asilimia 10 tu, mkondo huongezeka kama mara kumi. Kumbukeni hiyo kumi kwa kumi. Tutairudia, na itatuumiza.

Bei ya njia hii ni uga wenyewe. Unahitaji kama volti 3 kwa kila nanomita, sawa na volti bilioni 3 kwa mita. Ukiweka mabamba mawili bapa yakitazamana kwa umbali wa milimita 1, utahitaji volti milioni 3 kati yao. Hakuna atakayekuuzia televisheni ya namna hiyo, na mamlaka ya umeme haitakuunganishia.

Watu wa pwani wanajua njia ya kupunguza bei hii. Mvua ikija na radi, mtoto hukatazwa kukimbilia chini ya mnazi uliosimama peke yake uwanjani. Kila kitu kirefu chembamba hukusanya uga wa umeme kwenye ncha yake. Ardhi yote inayozunguka inaweza kuwa na uga wa wastani, lakini pale kileleni uga huzidishwa mara nyingi, na kwa makadirio ya haraka kiasi cha kuzidisha ni kimo ukigawanye kwa nusu ya unene wa ncha. Dar es Salaam pana mahali panapoitwa Mnazi Mmoja, na Zanzibar papo pia. Kwa mwanafizikia wa ombwe, jina hilo ni mhadhara mzima: kiwe kirefu, kiwe chembamba, kiwe peke yake. Sharti la tatu ndilo lililosahauliwa.

Ncha zilitafutwa kwa muda mrefu. Erwin Müller, huko Berlin mwaka 1936, alichonga sindano ya tungsteni kwa kuila kwa kemikali, akaielekeza kwenye kioo kinachong'aa elektroni zikikigonga, na akapata hadubini isiyo na lenzi hata moja: elektroni zilizotoka kwenye ncha zilitawanyika na kuchora juu ya kioo ramani ya ncha yenyewe, imekuzwa mara laki nyingi. Mimi naiona kuwa mojawapo ya hila nzuri kuliko zote za karne iliyopita, sindano inayojipiga picha. Mwaka 1968 Charles Spindt, California, alionyesha jinsi ya kutengeneza vijipia vya molibdenamu kwa maelfu, kila kimoja ndani ya kishimo chake, kwa ufundi ule ule wa vipande vya kompyuta. Vilifanya kazi. Lakini vilikuwa ghali, na vilikuwa na ugonjwa wa metali zote: metali ikipata moto, ukinzani wake kwa umeme huongezeka, ukinzani ukiongezeka moto unazidi, na moto ukizidi ncha inayeyuka au inalipuka na kuwa kisiki.

Hapo ndipo kaboni ilipoingia, kupitia masizi. Mwaka 1991 Sumio Iijima, katika maabara ya kampuni ya NEC huko Tsukuba, Japani, alichunguza kwa hadubini ya elektroni uchafu ulioganda kwenye kijiti cha grafiti baada ya cheche kubwa ya umeme, akaona nyuzi zenye uwazi katikati. Zilikuwa tabaka za grafiti, ile ile ya penseli, zilizojikunja kama mkeka na kushikana ukingo kwa ukingo, mrija ndani ya mrija. Haki isemwe: Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wameshachapisha picha za mirija ya kaboni mwaka 1952, lakini kwa Kirusi, na katikati ya Vita Baridi. Sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tunalielewa hilo bila kufafanuliwa.

Miaka minne baadaye, 1995, makundi mawili yaliichomeka mirija hiyo kwenye volteji. Walt de Heer na wenzake, Lausanne nchini Uswisi, waliisimamisha kwa wingi juu ya bamba na kupata miale ya elektroni. Huko Texas, kundi la Richard Smalley katika Chuo Kikuu cha Rice lilitumia mrija mmoja mmoja na kupata mkondo wa kushangaza kwa volti zisizofika 80. Kundi hilo lilidhani kwamba mrija ulikuwa unafumuka na kutoa uzi wa atomu moja moja mdomoni. Maelezo hayo hayakushika mizizi, lakini mkondo ulikuwa wa kweli.

Mwone mrija mmoja. Una kimo cha maikromita 10, na nusu ya unene wake ni nanomita 10. Gawanyeni: uga wa kileleni ni kama mara 1000 ya uga wa mabamba. Zile volti milioni 3 zimeshuka kuwa 3000, na ukisogeza bamba la pili mpaka sehemu ya kumi ya milimita, zimeshuka kuwa 300. Hapo unaweza kuzungumza na mhandisi.

Magazeti ya wakati ule yaliusifia mrija kwa nguvu zake, kwamba una ukakamavu mara tano wa chuma cha pua. Kwa kutema elektroni, sifa hiyo si kitu. Wala ushuru wake si nafuu: ni kama elektronivolti 5, kuzidi wa tungsteni. Kinachoubeba ni umbo, na kitu kingine ambacho mimi nakipa heshima zaidi. Mwaka 2002 Stephen Purcell na wenzake huko Lyon walipitisha mkondo mkubwa katika mrija mmoja mpaka kilele chake kikafika kelvini 2000 kikang'aa. Haukuyeyuka. Ukinzani wa mirija ile hupungua moto unapozidi, kinyume na metali, kwa hiyo moto unajizuia wenyewe. Fikirieni kinaya chake: kathodi tuliyoisifu kwa ubaridi imewaka kama lile kaa la fundi wangu, na bado ikaendelea na kazi.

Mrija mmoja ulio mzuri hutoa maikroampea moja kwa raha, yaani elektroni zaidi ya trilioni 6 kwa sekunde. Wataalamu wa hadubini za elektroni waliupenda mara moja, kwa kuwa wao wanataka ncha moja tu na mwale mwembamba. Lakini televisheni inataka ncha mamilioni. Na mamilioni ni habari nyingine.

Mwenye shamba la minazi hapandi mche juu ya mche. Ikibanana, inanyimana jua. Mirija nayo inanyimana uga. Ukiotesha msitu mnene wa mirija iliyonyooka, uga wa umeme hauoni vilele. Unaona paa moja bapa la msitu, na tumerudi kwenye mabamba tuliyoyakimbia. Wachunguzi wa Uswisi walionyesha mwaka 2000 kwamba umbali unaofaa kati ya mrija na mrija ni kama mara mbili ya kimo chake. Ni nafasi kubwa mno, shamba karibu tupu. Nakumbuka tulivyostaajabia picha za hadubini za misitu ile, minene kama zulia, imenyooka kama gwaride. Zilipamba majalada ya majarida. Kwa kazi yetu zilikuwa karibu bure. Waliotema walikuwa wale wa pembezoni, na wachache waliorefuka kupita wenzao.

Sasa ile kumi kwa kumi. Kama uga wa kileleni unafuata kimo, mrija uliozidi jirani yake kwa asilimia 10 hubeba mkondo wa mara kumi. Uliozidi kwa asilimia 20 hubeba karibu wote. Katika bamba la mirija iliyoota ovyo, sehemu ndogo sana ndiyo inayofanya kazi, na hiyo ndiyo inayoungua kwanza. Ikiungua, zamu inahamia kwa warefu wanaofuata. Ongezeni na uchafu. Molekuli ya maji ikitua kwenye kilele, mkondo unapanda, ikiondoka, unashuka. Hewa iliyobaki ndani ya ombwe hugeuka ayoni na kurudi kuichakaza ncha. Katika kioo cha televisheni, jicho la mtazamaji halisamehe. Nukta moja ikiwa hafifu kuliko jirani yake, ataiona kila jioni mpaka airudishe dukani.

Watu walijitahidi, na juhudi yao naiheshimu. Mwaka 1999 Samsung walionyesha kioo cha inchi 4.5 kilichofungwa kabisa, mirija ikiwa ndani. Walikuwa wameacha kuotesha misitu: waliichanganya mirija kwenye uji mzito wakauchapa juu ya kioo, kama mafundi wa fulana wanavyochapa maandishi. Mbinu kama hiyo ilienea, ikiwa na hatua ya mwisho ambayo hainichoshi kuisimulia. Baada ya uji kukauka na kuchomwa, mirija inalala kifudifudi. Basi unabandika utepe wa gundi juu yake, unaubandua, na mirija inasimama kama nywele za mkono. Teknolojia ya nanomita, imekamilishwa kwa utepe wa dukani! Mwaka 2005 Motorola nao walikuja na kioo chao cha majaribio cha inchi 5. Wengine waliweka ukinzani chini ya kila kundi la mirija, ili mwenye pupa azuiwe na wanyonge wapate zamu. Yote yalisaidia. Lakini vioo vya fuwele za kimiminika (LCD), hivi tulivyonavyo sasa ukutani na mfukoni, vilikuwa vinashuka bei kila mwaka, na mnunuzi hasomi Fowler na Nordheim. Miradi ya vioo vya mirija ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa la mrija. Kosa lilikuwa kuupa kazi inayodai usawa wa kila mmoja, ilhali kanuni yake ya asili inaadhibu kila tofauti ndogo mara kumi.

Eksirei haidai usawa huo. Pale unataka elektroni nyingi zigonge shabaha moja ya metali. Nani katoa ngapi, shabaha haiulizi. Mwaka 2002 kundi la Otto Zhou, Chuo Kikuu cha North Carolina, lilichapisha picha za eksirei zilizopigwa kwa kathodi ya mirija ya kaboni. Na hapo ubaridi ukaanza kulipa, kwa namna ambayo watu wa televisheni hawakuihitaji sana: kasi. Waya wa moto huwezi kuuzima na kuuwasha mara nyingi kwa sekunde. Mirija unaizima kwa kuondoa volteji, na elektroni zinakatika papo hapo. Kundi lile liliweza kumpiga picha panya aliye hai, likiusubirisha mwale mpaka kifua na moyo wake vifike mahali pale pale katika mzunguko wao, mara kwa mara, ili picha isitoke na ukungu. Pia waliweza kupanga vyanzo vingi vya eksirei katika safu moja, kila kimoja na kathodi yake, wakaviwasha kimoja baada ya kingine. Mashine za kawaida za kupima titi kwa pembe nyingi huzungusha neli nzima nzito juu ya mgonjwa, naye amebanwa anangoja. Yao haikusogea.

Kampuni ya Micro-X ya Adelaide, Australia, imezifikisha kathodi hizi kwenye mashine za eksirei nyepesi, zinazosukumwa mpaka kitandani kwa mgonjwa. Nisiwadanganye hapa, maana nimesikia wauzaji wakisema zaidi ya haki: ubaridi ni wa kathodi tu. Upande wa shabaha, karibu asilimia 99 ya nishati ya elektroni bado hugeuka joto, na shabaha bado inataka kupozwa. Mrija haujafuta sheria hiyo. Umeondoa tu jiko la upande mmoja.

Katika mazungumzo yote haya kuna gharama niliyoitaja kwa kupita, nayo ni ombwe. Kioo lazima kizibwe, hewa inyonywe, na ibaki imenyonywa kwa miaka. Kila ncha iliyokufa mapema, ukichunguza, mara nyingi utakuta hewa kidogo ilihusika. Lakini kuna mahali gharama hiyo haidaiwi. Mwezi Desemba 2015 chombo cha Ulaya kiitwacho LISA Pathfinder kilirushwa kwenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua. Kilibeba, kwa niaba ya Wamarekani, injini ndogo mno zilizotengenezwa na kampuni ya Busek ya Massachusetts. Injini hizo husukuma chombo kwa kutema matone ya kimiminika yenye chaji chanya. Ukitema chanya tu, chombo hubaki na hasi inayolundikana, na mwisho matone yanavutwa nyuma. Lazima pawe na kitu cha kutema elektroni, polepole, bila kula umeme mwingi, ili hesabu ilingane. Kazi hiyo ilipewa mirija ya kaboni. Kule haikuhitaji kioo wala pampu. Ombwe lilikuwa limeizunguka pande zote.